Nilivyomuua Mume Wangu Kwenye Foleni ya Petroli

Kama gazeti la wiki iliyopita mlishafungia maandazi kabla hamjalisoma, shauri yenu. Nitarudia kwa kifupi, maana bado nina hasira.

Mimi ni Eufrasia, Mama Blessing, fundi cherehani wa Ngokolo, Shinyanga mjini. Mume wangu Magesa alikwenda Katoro kutafuta dhahabu. Dhahabu akaipata, akanunua na karasha la kusagia mawe. Halafu akapatikana na yeye. Aliyempata anaitwa Melania, ana duka la vitenge na jino la dhahabu analolionyesha hata msibani.

Mimi nikabaki na cherehani, mtoto, na cheti cha ndoa.

Mtoto huyo, Blessing, ndiye pekee niliyejaliwa, na sasa amechumbiwa. Mchumba ni kijana wa Katoro, mtoto wa mzee Bartholomeo, mzee wa kanisa anayeheshimika. Siku ninayowasimulia ndiyo siku ya mahari. Na siku ya mahari mama mzazi anakalishwa kwenye kiti mbele ya wageni, anafungwa kitenge kipya kiunoni. Huo ndio mkaja. Ni asante ya tumbo lililobeba. Hafungwi shangazi, hafungwi mama mdogo, na hafungwi mwenye duka la vitenge hata kama kitenge kimetoka dukani kwake.

Mkaja huo nimeusubiri tangu siku niliyolala leba peke yangu, Magesa yuko kilabuni anapongezwa.

Blessing mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. "Mama, ni Katoro kwa baba. Usije ukaenda Ushetu kwa baba mkubwa. Ni Katoro." Alirudia, mtoto mwenye adabu zake, ili mama yake asipotee.

Tukatoka Ngokolo kabla ya jua, mimi na mdogo wangu Onesmo, yeye kwenye usukani wa gari langu, Passo. Tukapita Kahama, Ushetu iko mkono wa kushoto tunaiacha. Tukafika Katoro, tukakuta geti la Magesa limepigwa kufuli. Jirani akatoka na mswaki mdomoni: "Wote wako Ushetu tangu jana. Na mahema, na masufuria, na Melania."

Basi hapo ndipo mliponiacha. Magesa kamdanganya mtoto, ili mtoto anidanganye mimi, ili Melania akae kwenye kiti changu. Nimesimama mbele ya kufuli, nimevaa gauni la satini nililolishona mwezi mzima.

"Washa gari," nikamwambia Onesmo. "Wageni wanaingia mchana. Tukikimbia tunawahi."

Onesmo alipewa na Mungu kila kitu isipokuwa haraka. Akajikuna shingo.

"Dada, taa ya mafuta inawaka."

"Tangu lini?"

"Tangu Runzewe."

"Na umenyamaza?"

"Ulikuwa unaongea."

Sheli ya kwanza petroli hakuna, dizeli tu. Sheli ya pili ipo, lakini mwenye funguo kaenda kwenye ubatizo. Ubatizo! Mtu anafunga sheli nzima kwenda kuangalia mtoto wa mwenzake akimwagiwa maji.

Sheli ya tatu ilikuwa wazi. Tulijua iko wazi kwa sababu foleni yake ilianzia mbali, Noah, Probox, bajaji, bodaboda wasiojua maana ya neno foleni, na wachimbaji wenye madumu. Madumu ya njano, ya bluu, mengine yamekatwa shingo, yamepangwa mpaka chini ya bango kubwa lililoandikwa: NI MARUFUKU KUUZA MAFUTA KWENYE MADUMU.

Tukangoja. Hatukusogea. Nikashuka na gauni langu nikaenda mpaka kwenye pampu.

Mhudumu alikuwa kijana anaitwa Maduhu, jina limeshonwa kwenye kifua cha shati. Amechomeka vinyimbo, vile vispika vya simu, masikioni. Shikamoo hakuna. Ananitumbulia macho tu.

"Kijana, hii foleni ni ya magari au ya madumu?"

Akatoa kinyimbo kimoja sikioni. "Zote, mama."

"Na hilo bango?"

Akageuka kulitazama kana kwamba limesimikwa asubuhi hiyo. "Hilo ni la bosi."

"Sasa mbona madumu yanatangulia?"

"Wenye madumu wanatoa ya soda, mama."

"Na sisi wenye magari?"

"Nyie mnadai risiti."

Jamani. Mimi nimewahi kudharauliwa na wakwe, na mwenyekiti wa mtaa, na Melania. Lakini kudharauliwa na mtu anayenuka petroli, anayehudumia mtu kwa sikio moja, hilo lilikuwa jipya. Nikamwambia mama yake alipoteza maziwa bure. Akarudisha kinyimbo sikioni.

Nikarudi garini. Onesmo alikuwa amefungua kopo la karanga.

"Dada, tulia. Tukifika tumefika."

"Tukifika Melania ameshafungwa mkaja, utamfungua wewe?"

Akatafuna polepole.

Tukasogea kidogo. Magari mawili mbele yetu yakahudumiwa, roho ikaanza kutulia. Ndipo umeme ukakatika.

Pampu ikazima ikiwa ndani ya tangi la mtu. Foleni nzima ikaguna. Maduhu akakaa juu ya ndoo, akatoa simu, akaanza kutazama vichekesho.

Nikashuka tena. "Jenereta liko wapi?"

"Lile pale."

"Washeni."

"Halina dizeli."

Nikadhani sikumsikia. "Hapa ni wapi?"

"Sheli."

"Mnauza nini?"

"Mafuta."

"Sasa si mlitie mafuta!"

Akanihurumia. Wallahi, yule kijana alinihurumia. "Mama, dizeli iko chini kwenye tangi. Kuipandisha mpaka umeme uwepo."

Nilicheka. Nikacheka mpaka watu wakashuka kwenye magari kuja kuona. Sheli imekosa mafuta ya kuwashia mashine ya kuuzia mafuta, na anayenieleza anaona ni jambo la kawaida, na mimi ndiye mjinga wa kufundishwa.

Aliyetuokoa alikuwa mchimbaji mmoja, mtu mzima, mabuti yake yana tope la shimoni, ndevu zina vumbi la mawe. Mihayo, wenzake walimwita. Nilikuwa nimeshamsonya kwa sababu dumu lake lilitangulia mbele ya Passo yangu. Akalinyanyua dumu hilohilo la dizeli aliyotoka kuinunua, akamimina kwenye jenereta, akavuta kamba. Likakohoa, likanguruma.

Watu wakashangilia. Na mimi ningeshangilia, ila malipo ya wema wake yalikuwa kujaziwa madumu kwanza. Yake, na ya wenzake, na ya wenzake wa wenzake. Jua likazidi kupanda.

Nikampigia Blessing. Simu iliita, haikupokelewa. Tangu jana yake jioni ilikuwa hivyo. Nilijua wamemnyang'anya simu mwanangu ili asinisikie.

Hapo ndipo ilipoingia ile Noah.

Ilikuja taratibu, taa zinawaka na kuzima, matawi ya majani yamefungwa mbele kwenye boneti. Ndani kuna jeneza na akina mama wamejitanda khanga. Probox zikarudi nyuma. Bodaboda wakazima pikipiki. Wachimbaji wakavua kofia na kuvuta madumu pembeni. Maduhu akatoa vinyimbo vyote viwili, akajaza tangi kwa mikono miwili, akasema, "Poleni sana." Noah ikaondoka kabla jasho halijanikauka.

Nikatazama ukuta wa sheli. Kulikuwa na mwarobaini umepandwa pale, umestawi vizuri.

"Onesmo."

"Dada, hapana."

"Sijasema kitu."

"Nakujua. Hapana. Huo ni uchuro! Siku ya mahari ya mtoto unafunga gari majani ya msiba?"

"Uchuro ni Melania kwenye kiti changu. Nenda kavunje tawi."

Akaenda. Onesmo hupinga kwa mdomo tu, miguu yake hunitii tangu utoto.

Tukafunga tawi kwenye boneti. Nikatoa kitenge kwenye mkoba, nikajitanda juu ya satini mpaka puani. Taa nazo tukaziacha ziwake na kuzima. Tukatoka kwenye foleni tukaanza kupita pembeni yake, na mimi nikaanza kulia.

Machozi niliyoyatafuta ya uongo yakaja ya kweli. Nilikuwa na mengi ya kulilia, nilikosa nafasi tu.

Njia ikafunguka. Wanaume wakavua kofia. Bodaboda mmoja akapiga ishara ya msalaba. Tukasimama kwenye pampu, Maduhu akashika mpira wa mafuta kwa adabu ambayo sikujua anayo.

"Shikamoo mama. Pole mama. Nijaze?"

Shikamoo! Kumbe anaijua.

"Jaza," nikasema, nikapenga kamasi.

Pembeni ya pampu alikuwepo mama mmoja anauza chai na chapati, mama Eunice, mnene, mwenye sauti ya kwaya. Akaja dirishani, akanishika mkono.

"Pole mwenzangu. Mwili uko wapi?"

"Umetangulia."

"Nani amekutoka?"

Mwongo mwenye akili angeandaa marehemu mapema. Mimi nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu ilikuwa na jina moja.

"Mume wangu," nikasema. "Magesa."

Nakiri mbele yenu nyote mnaosoma. Lilitoka tamu.

Mihayo alikuwa anafunga dumu lake kwenye pikipiki. Akaacha kamba, akaniita mama kwa Kisukuma. "Magesa yupi, mayu? Si Magesa wa karasha? Yule mrefu, wa kofia ya pama?"

Ndipo nilipokumbuka niko wapi. Mtu ukitaka kumuua mumeo kwa mdomo, muulie Shinyanga. Mimi nimemuulia Katoro, mbele ya watu wanaosaga mawe kwenye karasha lake.

Lakini nimeshapanda mti, nitashukaje? "Huyohuyo," nikasema.

"Aaah!" Mihayo akashika kichwa. "Magesa! Jamani, Magesa amekufa!"

Habari ikatembea kwenye foleni haraka kuliko petroli. Wachimbaji wakajaa. Mmoja akaketi chini. Onesmo kwenye usukani alikuwa ameinamisha kichwa, anatetemeka, nao wakamwona ni mfiwa mwenye uchungu.

Eunice peke yake hakulia. Bado ameshika mkono wangu.

"Magesa juzi amekunywa chai yangu hapa. Vikombe viwili."

"Imekuwa ghafla. Jana. Kule Ushetu."

"Na wewe ni nani wake?"

"Nimeshasema. Mke wake."

Akauachia mkono. "Mke wa Magesa ni Melania."

"Melania ni hawara," nikasema, na kitenge kikanishuka usoni. "Mimi ni mke wa ndoa. Ndoa ya kanisani."

"Na Melania naye ndoa yake ya kanisani," Eunice akajibu. "Mimi nilikuwepo, nimeimba. Mke wa kwanza alikufa. Magesa alikuwa mgane."

Nikamtazama. Nikafikiri anatania, lakini uso wake haukuwa wa utani.

"Alikufa lini?"

"Mwaka juzi, wakati wa mvua. Mihayo, yule marehemu alikuwa anaitwa nani vile? Yule fundi nguo?"

"Eufrasia," Mihayo akasema bila kufikiri. "Eufrasia wa Ngokolo. Tumbo lilimsumbua siku nyingi, maskini."

Sikusikia tena jenereta.

"Tulifunga duara, shimo letu la dhahabu, siku nzima," Mihayo akaendelea, ananieleza mimi, kwa upole, kama mgeni. "Hakuna aliyeshuka shimoni, hakuna karasha lililonguruma. Ndiyo desturi yetu. Mwenzenu akifiwa na mke, shimo linafungwa."

"Mimi ndiye niliyepika wali wa matanga," Eunice akasema. "Nikalia na mimi. Magesa aligaragara chini mpaka wanaume wakamshika mikono. Anaita, Eufra wangu, Eufra wangu."

Eufra wangu. Hakuniita hivyo hata siku ya harusi.

Mwaka juzi wakati wa mvua nilikuwa Ngokolo nashona sare za shule, nalipa ada ya Blessing, nampigia Magesa simu ananiambia duara lina maji. Kumbe siku ile watu wanakula wali wangu. Nilijiona mjanja wa kumuua Magesa kwenye foleni, naye alishaniua zamani, katika mji huohuo, na akanililia kuliko nilivyomlilia yeye.

Nikafungua mlango, nikashuka. Kitenge kikaanguka. Satini ikang'aa juani.

"Eufrasia wa Ngokolo ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Bodaboda aliyepiga ishara ya msalaba akaipiga tena, safari hii anarudi nyuma. Maduhu akaacha mkono kwenye pampu, petroli ikafurika ikamwagikia viatu vyake, naye ananikodolea macho.

"Ni yeye," Onesmo akasema kutoka ndani ya gari. "Mimi ni mdogo wake. Angekufa ningeambiwa."

Hilo ndilo neno la maana pekee alilolisema mdogo wangu mwaka mzima.

"Na Magesa?" Mihayo akauliza.

"Magesa ni mzima kama mimi. Leo anapokea mahari ya binti yangu, Ushetu, na Melania amekaa kwenye kiti changu. Nilisema amekufa kwa sababu foleni yenu ni ya kipumbavu, na sheli yenu ni ya kipumbavu, na bila maiti hapa hamumhudumii mtu!"

Nilidhani watanipiga. Ningekuwa wao ningenipiga. Lakini Mihayo hakuwa ananitazama mimi tena. Alikuwa anawatazama wenzake.

"Tangu siku ile tuliyofunga," akasema polepole, "duara limetoa nini?"

"Hakuna," mmoja akajibu.

"Kabla ya hapo?"

"Lilikuwa linatema dhahabu."

"Tumelifungia mtu aliye hai," Mihayo akasema. "Tumelia msiba hewa juu ya shimo. Kumbe ndiyo maana!"

Nilitaka kuwaambia dhahabu haina masikio. Niliwadharau kwa hilo, nawadharau mpaka leo. Lakini nikanyamaza, maana nyuso zao zilianza kunifurahisha.

Eunice alikuwa na lake. "Na mzee Bartholomeo je? Si ndiye aliyesimama shahidi Magesa alipomwoa Melania? Aliapa mbele ya madhabahu kwamba amechunguza, bwana ni mgane, hana kipingamizi."

"Mzee Bartholomeo," nikasema, "ndiye baba wa mchumba wa binti yangu. Ndiye anayeleta mahari leo."

"Mungu wangu," Eunice akasema. "Siku ukionekana wewe, mzee wa watu ameapa uongo kanisani."

"Basi leo naonekana."

Nikamwonea huruma mwanangu Blessing. Amezungukwa na waongo kila upande, simu wamemnyang'anya, hajui lolote. Nikasema moyoni, ngoja mama anakuja. Njia ya mwongo ni fupi, na tangi sasa limejaa.

Nikaanza kufungua tawi kwenye boneti. Mihayo akanishika mkono.

"Acha, mayu. Twende nayo hivyohivyo. Magesa atarudi hapa akalifungue duara kwa mdomo wake. Na kama alituletea msiba, na sisi tunampelekea."

Ungeuona ule mwarobaini! Waliuvamia kama nzige. Kila pikipiki tawi, kila dumu tawi, hata Fuso ya kubebea mawe ikavishwa majani mpaka kwenye vioo vya pembeni. Maduhu akawa anakimbia na viatu vyake vya petroli: "Mti wa bosi! Jamani, huo mti ni wa bosi!"

Nikampa noti yangu. Akapapasa mifuko.

"Mama, chenji sina."

"Baki nayo. Kanywe soda."

Wale waliokuwa wananizuia njia tangu asubuhi, wale wale wa madumu na matope, sasa wamepanga mstari nyuma yangu, injini zinanguruma, wanangoja nitangulie. Eunice akajibana kiti cha nyuma na birika lake. Alisema chai haiwezi kupoa bure, na kwamba ana wali wake wa kudai. Onesmo akatia gia. Nikavuta pumzi ya raha. Mimi niliyezikwa kwa mdomo Katoro nilikuwa natoka Katoro na msafara mkubwa kuliko wa mbunge.

Tukafika mdomoni mwa barabara kuu. Simu ikaita.

Kwenye kioo: Blessing.

Nikapiga kelele ya furaha. "Ameipata simu yake! Mwanangu ameipata simu!" Nikabonyeza, nikaweka sauti kubwa ili Onesmo naye asikie.

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na vigelegele na ngoma. Wageni wameshaingia. Na sauti yenyewe ilikuwa ile nyembamba, ya heshima, aliyonayo mbele za watu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," nikaitika.

Mdomo uliitika wenyewe. Mtu akikuamkia unaitika, ndivyo tulivyolelewa. Akili ilikuja nyuma.

"Shangazi, poleni na matatizo ya gari," Blessing akasema. "Nimewaeleza wageni mmekwama hukohuko Shinyanga. Msihangaike tena. Tunaendelea tu. Mzee Bartholomeo anawasalimu."

"Blessing. Ni mimi. Ni mama yako."

Vigelegele vikawa mbali, kama mtu ametoka uani na simu. Nikasikia anapumua. Pumzi ile naijua, nimeilaza kifuani.

"Ndiyo maana nikakwambia Katoro," akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali, shangazi. Wakijua upo hai, siolewi."

Nyuma yake mshenga akapaza sauti: "Haya, anayeshika nafasi ya marehemu mama wa binti aje akae, tumfunge mkaja wake!" Watu wakapiga makofi. Simu ikakatika.

Eunice alilikumbatia birika lake mapajani. Onesmo aliacha kutafuna. Mkono wa kushoto ni barabara ya Ushirombo, ndiyo ya Ushetu. Mkono wa kulia ni Geita, njia ya mzunguko ya kurudi Ngokolo kimyakimya.

Mihayo akaja mbio, akagonga kioo, tawi la mwarobaini limechomekwa kwenye kofia.

"Mayu, mbona tumesimama? Tangulia, tunakufuata wewe."

"Dada," Onesmo akasema, mguu wake uko juu ya pedali ya mafuta. "Nikunje wapi?"